Maswali na Majibu: Bwawa la mafuriko likizeeka

Maji yanachuruzika chini ya tuta la bwawa letu. Tuhame?

Tazama rangi kwanza. Kila tuta la udongo hupitisha maji kidogo, na yakiwa masafi, kwa kiasi kilekile, hayatishi. Chota kwenye chupa, iache itulie. Tope likijikusanya chini, huo ni udongo wa ndani ya tuta unaotoka: maji yamekwisha kujichimbia njia, nayo itazidi kupanuka. Hapo msingoje kikao. Mhandisi wa maji aitwe siku hiyohiyo, na wanaoishi bondeni waambiwe waondoke. Hata yakiwa masafi, tegesheni ndoo kila wiki na mhesabu sekunde hadi ijae. Ikianza kujaa upesi bila mvua kunyesha, toeni taarifa.

Jirani kapanda miembe juu ya tuta, eti mizizi inashika udongo.

Kwenye mlima, sawa. Kwenye tuta, mzizi ukioza unaacha tundu, na mti uking'olewa na upepo unaondoka na bonge la tuta. Pandeni nyasi, mzifyeke ziwe fupi, mwone nyufa na mashimo ya fuko.

Bwawa ni kavu karibu mwaka mzima. Kwa nini litengewe fedha?

Swali hili linaniuma, kwa sababu ya Derna, Libya. Bonde lake nalo huwa kavu muda mwingi. Mabwawa yake mawili ya kuzuia mafuriko, ya mfinyanzi na mawe, yalijengwa miaka ya 1970. Nyufa zilionekana 1998. Mkandarasi wa ukarabati alipatikana 2007, akaanza kazi 2010, machafuko ya 2011 yakamwondoa. Mwaka 2022 mhandisi Abdelwanees Ashoor aliandika kwamba mji uko hatarini. Usiku wa kuamkia Septemba 11, 2023, mvua ya tufani Daniel ikajaza bwawa la juu, Abu Mansour, lenye nafasi ya mita za ujazo milioni 22.5. Lilipovunjika, dogo lililokuwa karibu na mji lilisombwa, na maelfu ya watu wakafa. Miaka 25 ilipita tangu nyufa zilipoonekana, na mingi kati ya hiyo bonde lilikuwa kavu, mafundi wangeweza kufanya kazi bila kulowa miguu.

Sisi wanakijiji tuanzie wapi?

Kwenye utoro, ile njia ya kupitishia maji yaliyozidi. Ondoeni magogo, takataka, na ukuta wowote uliojengwa humo. Utoro ukiziba, maji hupanda juu ya tuta, na tuta la udongo likifurikiwa huliwa haraka.