Kuipa kadi ya grafiki pawa saplai ya pembeni

Kompyuta nyingi za mtumba tunazonunua Mwanza zilikuwa za ofisini, zenye pawa saplai ya wati 240 hivi na koneta ya madabodi isiyo ya ATX, yaani muundo wa kawaida wa kompyuta za mezani. Kijana wa Kirumba au mwanafunzi wa Malimbe akitaka kuhariri video, anakuta hamna waya wa pini 6 wala 8 wa kadi. Kama madabodi yako ni ATX ya kawaida, usihangaike na haya: badilisha pawa saplai nzima. Njia hii ya kuongeza saplai ya pili pembeni ni ya mashine isiyokubali saplai nyingine.

Anza na hesabu. Saplai ya pembeni haibebi kadi yote, kwa sababu kadi bado hunyonya hadi wati 75 kupitia sloti ya PCIe, tundu la kadi kwenye madabodi, na hizo hutoka kwenye saplai ya zamani. Prosesa ya wati 65, sloti 75, diski na feni tuseme 35: jumla 175, saplai ya 240 inamudu. Waya wa pini 8 hubeba wati 150, yaani ampea 12.5, na matumizi ya kadi huruka juu ghafla, kwa hiyo ya pembeni iwe na ampea 20 au zaidi kwenye volti 12. Soma kibandiko. Ikiandikwa 500W kwa herufi kubwa huku safu ya 12V ni ampea 15, upande huo una wati 180 tu. Iache dukani.

Sasa nyaya nyeusi, zile za kurudisha umeme, na hapa usiharakishe. Nyeusi za saplai zote mbili lazima ziungane kabla ya kuwasha chochote. Zisipoungana, tofauti ya volti iliyopo kati yao itapita kwenye kadi na vinjia vyembamba vya sloti, na kuunguza. Funga waya mnene kwa skrubu kutoka kava la chuma la saplai moja hadi la nyingine. Njano, yaani nyaya za volti 12, usiziunganishe njano kwa njano kamwe, zitasukumana. Chomeka zote mbili kwenye ekstensheni moja yenye ethi ya kweli, waya unaoshuka ardhini. Nyumba za kupanga mara nyingine zina tundu la ethi ambalo waya wake haujafika kokote. Kasha likikutekenya ukiligusa, vichujio vya ndani ya saplai vimeacha karibu nusu ya volti 230 kwenye chuma. Mwite fundi umeme kwanza, kompyuta itasubiri.

Kuiwasha ya pili, watu huchomeka klipu ya karatasi kati ya waya wa kijani wa kuwashia, pini 16 ya koneta kubwa ya pini 24, na mweusi wa pini 17. Kwa kupima inafaa. Kwa matumizi ya kila siku hapana, maana itabaki inawaka hata kompyuta ikiwa imezimwa. Weka relei ndogo ya volti 12, swichi inayoendeshwa na umeme: koili kwenye njano na nyeusi ya saplai ya zamani, dayodi 1N4007 sambamba na koili, mstari wake upande wa njano, miguu ya swichi iliyo wazi relei ikilala iende kwenye kijani na nyeusi ya saplai ya pili. Zitawaka na kuzimika pamoja.

Waya wa pini 8 wa prosesa usiulazimishe kwenye kadi: volti 12 zimekaa mahali pa nyeusi. Nyaya za kuchomoa (zinazotoka kwenye saplai yenyewe) za saplai nyingine pia usiazime, hata zikiingia vizuri. Na ukitumia raiza, kirefusho cha sloti ya kadi, ipe umeme wa saplai ileile ya kadi, si kwa koneta ya SATA ya diski, ambayo mwisho wake ni wati 54 na huyeyuka.

Saplai ikikaa wazi mezani, iweke mbali na dirisha linalotazama ziwa. Usiku wale wadudu wadogo wa ziwani hufuata taa, feni huwavuta, na vumbi hukamatia juu yao. Izime, ichomoe, isafishe kwa brashi kavu.

Mwisho pima njano na nyeusi kwa mita huku kadi ikifanya kazi nzito. Ikishuka chini ya volti 11.4, zima, saplai hiyo haifikii kilichoandikwa kwenye kibandiko chake.