Shoo ya gari ya plastiki imepauka na kukatika, inaokoleka?

SWALI: Fundi shkamoo, nina gari Chevrolet Camaro ya 1969, shoo ya mbele, yaani ule wavu wa usoni mwa gari, ni ya plastiki, imepauka imekuwa kijivu na vijiti viwili vimekatika karibu na tundu la skrubu. Sitaki kuitupa maana ndo ile ile iliyotoka nayo kiwandani.

JIBU: Marahaba, usiitupe kabisa! Itoe taratibu, plastiki ya umri huo imekauka ukiivuta inapasuka tena, osha na maji ya vuguvugu na sabuni, mswaki mkuukuu unaingia vizuri kwenye kona. Ikiwa ni ABS, aina ya plastiki ngumu, loweka vipande vya ABS kwenye asetoni mpaka viwe uji mzito, fanyia penye hewa, pakaza kwenye ufa kwa upande wa nyuma, acha ikauke siku nzima au zaidi ndo upige msasa. Ila asetoni usifutie shoo nzima jamani, inayeyusha plastiki, ukiona uso unanata ushaharibu. Halafu msasa namba 400, praima ya plastiki, ile rangi ya kwanza ya kushikisha, rangi nyeusi isiyong'aa sana. Puliza nyembamba nyembamba, hapa ndo wengi wanakosea, wanapuliza nzito mara moja inachuruzika kwenye vijiti na inabidi uanze upya.