Asali ya mitishamba pori ikiganda si lazima iwe feki

Mkuu uliyeuliza kama asali ya mitishamba pori ni asali iliyochemshwa na majani, na kama kuganda kwake ni dalili ya kuchakachuliwa, ngoja nikujibu maana mi narina mwenyewe. Hakuna majani humo. Nyuki wanafyonza mbochi, yaani yale maji matamu ya ua, kwenye mimea yenye harufu kama thaimu, oregano, rozimeri, lavenda, chochote kilichochanua huko porini, wakifika mzingani wanapokezana mdomo kwa mdomo na kuipepea kwa mabawa mpaka maji yapungue, mara nyingi yanashuka chini ya asilimia 20, ndo wanaziba sega kwa nta. Ladha inatoka kwenye ua lenyewe, we ukikuta chupa ina majani yanaelea ujue mtu kayatia baadaye, hiyo ni kitu kingine kabisa.

Sasa ladha, hapa ndo napopapenda. Ya thaimu ina rangi ya kahawia inayong'aa, ukiiweka ulimini utamu unatangulia halafu inapanda harufu kali ya dawadawa na kaukali fulani kooni ambako kanabaki hata ukishameza, ndo maana ile ya mlima Hymettus kule Ugiriki imesifiwa tangu enzi za kale. Ya rozimeri imepauka, ni laini, haina fujo. Na kwa vile porini maua yanachanganyika usitegemee ya msimu huu ifanane na ya msimu uliopita.

Kuganda ni suala la sukari zake tu, yenye glukosi nyingi inawahi na yenye fruktosi nyingi inachelewa, rozimeri huwa inawahi kuganda wakati thaimu inaweza kukaa muda mrefu bado inamiminika. Yako iweke chupa yake kwenye maji ya vuguvugu ambayo mkono unavumilia, taratibu itaachia, ila usiichemshe jamani, ile harufu yote uliyoilipia itapotea.

Mi naimwagia kwenye mtindi usio na sukari au jibini yenye chumvi, kwenye chai naisubiri ipoe kwanza. Kikohozi kikibana, kijiko kimoja kabla ya kulala kinalainisha koo, lakini mtoto chini ya mwaka 1 asipewe asali ya aina yoyote ile, inaweza kuwa na mbegu za bakteria wa botulizimu, ule ugonjwa wa sumu unaopoozesha misuli, na utumbo wake bado hauna uwezo wa kuwazuia. Na kidonda usikipake hii ya mezani, ile ya vidonda wanayotumia hospitali imeuliwa vijidudu kwa mionzi.