Usimwachishe mbwa huyo prednisoloni wiki ya safari

Mleta mada, usithubutu. Umeuliza mambo matatu kuhusu mbwa wako jike mwenye ugonjwa wa Addison, ule wa tezi za adrenali kushindwa kutengeneza homoni zake: kama unaweza kuacha prednisoloni, kidonge kinachoshika nafasi ya homoni mojawapo, kwa kuwa sasa amenenepa na anachangamka, chakula gani kinamfaa, na kama anaweza kupandishwa. Kisha ukaongeza, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba unamwachisha kuanzia kesho na Jumamosi mnapanda gari kwenda Moshi kwa Krismasi. Najibu hilo la prednisoloni tu, maana ndilo la haraka. Mimi nilifanya kosa hilohilo, nalo lilinigharimu siku tatu za dripu, shilingi 680,000, na heshima yangu yote mbele ya wakwe.

Tausi wangu, chotara wa kilo 24, alikuwa ametibiwa homa ya kupe mara tatu na minyoo mara moja kabla ya daktari mmoja mwenye subira kushangaa kwamba mbwa aliyelegea namna ile mapigo yake ya moyo yalikuwa ya polepole badala ya kwenda mbio. Alipima sodiamu na potasiamu, chumvi mbili za damu, akakuta 128 kwa 7.4, yaani uwiano wa takribani 17, ilhali mbwa mzima huwa na 27 au zaidi. Kwa kuwa minyoo mjeledi nayo inaweza kuuvuruga uwiano huo, hakuishia hapo. Alichukua damu, akamdunga homoni inayoziamsha tezi za adrenali, kisha akachukua damu nyingine baada ya saa moja. Kotisoli, homoni ambayo tezi hizo zilipaswa kuitoa, haikupanda hata kidogo. Tezi zile mbili ndogo zilizo karibu na figo zilikuwa zimekufa.

Akaandikiwa fludrokotisoni ya kusawazisha chumvi hizo, vidonge vitano vya miligramu 0.1 kwa siku vikigawanywa asubuhi na jioni, pamoja na nusu kidonge cha prednisoloni ya miligramu 5. Miezi minne baadaye aliruka ukuta kumfukuza paka wa jirani, na hapo ndipo nami nilipojiona daktari. Nilikwenda duka la dawa za mifugo kununua dawa ya kupe tu. Muuzaji aliposikia neno prednisoloni alinitazama kama muuaji, akanieleza kwa sauti ya mtu mwenye shahada kwamba dawa hiyo hula ini, na akaniuzia chupa ya kusafishia ini. Hakuuliza mbwa anaumwa nini, wala hakuuliza anapewa kiasi gani. Chupa ile ninayo hadi leo na ina kazi moja, nayo ni kuuzuia mlango wa jiko usijifunge.

Angeuliza kiasi, na kama angekuwa anajua anachokisema, tungeachana hapo. Prednisoloni nyingi kwa muda mrefu ina madhara kweli, lakini mbwa anayewashwa ngozi hupewa nusu miligramu hadi miligramu moja kwa kila kilo ya uzito, ilhali Tausi alikuwa akipata sehemu moja ya kumi ya miligramu. Kiasi hicho hakimzidishii chochote. Kinajazia tu kile ambacho mwili wa mbwa mzima hujitengenezea kila siku bila kuandikiwa na mtu. Nusu kidonge ambacho bei yake haifiki ya andazi ndicho nilichoamua kukiondoa, tena nikaona nimefanya jambo la busara kwa kuwa kilikuwa kidogo kuliko vyote.

Kilichonipumbaza zaidi ni maabara. Wiki moja baada ya kuacha nilipima sodiamu na potasiamu, zikatoka sawasawa kabisa, nikatembea kifua mbele. Sikujua kwamba kazi ya chumvi ni ya aldosteroni, homoni nyingine ya tezi zilezile, na fludrokotisoni ilikuwa bado inaifanya vizuri. Kotisoli ina kazi nyingine, ya kushikilia sukari, utumbo na shinikizo la damu mwili unapopata msukosuko, na upungufu wake hauonekani kwenye vipimo hivyo viwili. Mbwa anaweza kuwa na majibu mazuri na bado akawa hana akiba yoyote ya kukabili siku mbaya.

Siku mbaya ilifika ya kumi na mbili. Tulikuwa na sherehe ya kumuaga shemeji yangu nyumbani: hema uani, spika kubwa kuliko kabati, matarumbeta, wageni mia, na Tausi amefungwa nyuma ya jiko. Jioni alikataa nyama, akatetemeka, akatapika, akahara kinyesi cheusi, na nilipomgusa ufizi ulikuwa mweupe na baridi.

Sasa lije kosa lenyewe, maana kuacha kidonge lilikuwa la kwanza tu. Daktari wa zamu aliniuliza kama mbwa amekosa dozi yoyote. Kwa aibu, nikajibu kwamba anapata dawa zake zote. Potasiamu ikatoka nzuri, kwa hiyo daktari, akiniamini, akauweka kando ugonjwa wa Addison na kuanza kutibu tumbo lililoharibiwa na mabaki ya pilau. Sukari ya damu ilikuwa 2.3, chini mno; alipowekewa maji yenye glukosi Tausi alinyanyuka, kisha akazama tena. Nilikaa saa nne nikimtazama akizama, huku nikitunga maneno. Saa tisa usiku nikasema kweli, Tausi akadungwa deksamethasoni, dawa ya jamii moja na prednisoloni, na alfajiri aliinua kichwa. Mama mkwe, ambaye alikuwa ameacha sherehe akaja na kanga yake mpya kunishikia dripu, alisikia yote. Hakusema neno, na ningependa angesema.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: siku ya msukosuko prednisoloni huongezwa, haipunguzwi. Tausi, kwa agizo la daktari wake, hupata kidonge kizima badala ya nusu siku moja kabla ya safari, wageni au fataki, siku yenyewe, na siku inayofuata. Akitapika kidonge, tunakwenda kudungwa sindano siku hiyohiyo. Wapo mbwa wanaotosheka na fludrokotisoni peke yake, kwa kuwa nayo ina chembe ya kazi ya kotisoli, lakini hilo hujaribiwa katika mwezi mtulivu, polepole, daktari akiangalia. Wanaodungwa ile sindano ya kila baada ya siku 25 au zaidi badala ya fludrokotisoni hawana hata bahati hiyo, maana yenyewe inashughulikia chumvi tu. Na kama wako anakunywa maji kupita kiasi, kama ulivyogusia, huenda dozi ni kubwa na inaweza kushushwa, ila si wiki ya kumpakia kwenye gari kwa saa kumi.

Mpigie daktari wako leo kabla hajafunga, umuulize kiasi cha kuongeza kuanzia Ijumaa, na kama umekwisha kuruka vidonge viwili vitatu, mwambie idadi kamili.