Kuhesabu mikoko nako ni kusoma?

SWALI: Shangazi, mie niko mwaka wa pili chuo hapa Mombasa, mwalimu katutuma Tudor kuhesabu mikoko badala ya kutufunza darasani, sasa huku si kutukwepa jamani? Msomaji, Kisauni

JIBU: Mwanangu, hapana bana. Kule chuo kikuu cha MIT, Marekani, wanafunzi wa digrii ya kwanza wana programu yao ya kufanya utafiti na maprofesa tangu 1969, na wengine hulipwa (wewe nauli ya matatu umejitolea, najua). Ukihesabu miche mwenyewe halafu namba zako na za mwenzio zikatae kulingana, ndo mtaulizana tumepima vipi, hapo ndo somo lenyewe lilipo. Ila akiwaacha matopeni na asirudi kuzijadili hizo namba, huyo kawakwepa kweli, mfuateni ofisini.