Maswali ya wasomaji: Jo Seung-woo kapotelea wapi?

SWALI: Dada habari za kazi. Mi nimemaliza tamthilia ya Kikorea ya Stranger sizoni zote mbili, yani nimemkubali sana yule mwendesha mashtaka Hwang Si-mok asiyecheka wala kukasirika, sasa kila nikimtafuta huyo Jo Seung-woo nakuta tamthilia chache tu wakati mastaa wenzie wa Korea Kusini kila mwaka wana mpya. Kaishiwa? Au hapewi kazi? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Hajaishiwa mdogo wangu, kazi anazo tele, ila nyingi anafanyia jukwaani ndo maana huku kwetu hatumuoni. Huyu ni mtu wa ile michezo ya kuimba na kuigiza laivu mbele ya watu, na kwao Seoul hiyo ni biashara kubwa kweli, mchezo unakaa miezi, nafasi moja wanaweza kupokezana waigizaji wawili watatu, na siku zake Jo tiketi zinagombaniwa.

Alianzia kwenye filamu, Chunhyang ya mwaka 2000, ambayo ndo ilikua filamu ya kwanza ya Korea Kusini kushindania tuzo kuu kule Cannes, lile tamasha kubwa la filamu la Ufaransa, akiwa na miaka 20 tu. 2005 ikaja Marathon, anacheza kijana mwenye usonji anayependa kukimbia, watu zaidi ya milioni 5 waliingia sinema kuiangalia, halafu 2006 Tazza ile ya wacheza kamari. TV aliichelewa sana, tamthilia yake ya kwanza ndefu ni The Horse Doctor ya 2012 na mwaka huohuo kituo cha TV cha MBC wakampa tuzo yao kubwa kuliko zote.

Lakini kilichomkuza ni Jekyll & Hyde, mchezo wa jukwaani wa daktari anayegeuka kuwa mtu katili, alianza kuicheza 2004 na amerudi nayo mara kibao. Kuna wimbo mle ndani daktari mwema na yule mnyama wake wanagombana, na wote wawili ni mtu mmoja anaimba, anageuka huku sauti laini anageuka kule sauti ya kutisha, bila kukata bila kurudia. Sasa fikiria mtu mwenye uwezo huo halafu kwenye Stranger anaambiwa cheza mtu aliyefanyiwa operesheni ya ubongo utotoni hisia zikapotea. Akaviacha vyote, sauti, mikono, uso, akabaki na macho. Kwangu mimi hapo ndo ukubwa wake ulipo, na Baeksang, zile tuzo kubwa za filamu na TV za Korea Kusini, waliona hivohivo wakampa tuzo ya muigizaji bora wa TV 2018.

Na hajatulia, 2023 alikua na tamthilia ya Divorce Attorney Shin, mwaka huohuo akaimba The Phantom of the Opera kuanzia Busan mpaka Seoul, 2024 akacheza Hamlet, mchezo wake wa kwanza wa jukwaani usio na nyimbo.

SWALI: Nianze na ipi kama Stranger nshaangalia? (Yuleyule)

JIBU: Anza na Marathon, weka kitambaa karibu. Kisha filamu ya Inside Men ya 2015, humo pia ni mwendesha mashtaka ila huyu ana hasira na njaa ya cheo, utashangaa kama ni mtu yuleyule. Tamthilia yake ya Sisyphus iache mwisho, mi haikunishika hata kidogo.