Tangi lenye kina, taa ipi?

SWALI: Shikamoo mzee. Nipo Ilazo, Dodoma. Nina tangi la kioo la maji ya chumvi: urefu sm 120, upana sm 60, kina sm 75. Samaki wanaendelea vizuri, sasa nataka kuweka matumbawe. Kuna mfugaji wa Dar anayekuza ya kwake ameniahidi vipande. Fundi umeme ananishauri nifunge fladilaiti nyeupe ya wati 400, anasema kwa kina hicho bila wati nyingi mwanga haufiki chini. Muuzaji mmoja ana taa za LED za bluu za matumbawe, wati 120 tu kila moja, na bei yake ni mara tatu. Nimsikilize nani?
Msomaji, Ilazo

JIBU: Marahaba, mwanangu. Msikilize muuzaji, ila usimlipe kwanza.

Fundi wako anajua umeme, matumbawe hayajui. Fladilaiti imetengenezwa kumwaga mwanga uwanja mzima, na wewe unataka mwanga ushuke wima ndani ya boksi la upana wa sm 60. Wengi hudhani maji ndiyo yanayoumeza. Maji safi ya sm 75 humeza kidogo tu. Baharini kwenyewe rangi nyekundu hupotea mita chache za juu, bluu ikaendelea kushuka makumi ya mita. Kinachokuibia wewe ni kutawanyika: kadiri mwanga unavyoshuka ndivyo unavyogawanywa kwenye eneo kubwa zaidi, na mwingine hutokea ubavuni mwa kioo ukaishia kuangaza zulia la sebuleni. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji ni lenzi. Kwa kina chako tafuta zinazofungua mwanga kwa pembe ya nyuzi 60 hadi 90. Za 120 ziachie matangi mafupi. Chukua taa mbili, kila moja ihudumie nusu ya urefu.

Kuhusu rangi, ndani ya nyama ya tumbawe huishi mwani wa seli moja, ndio wanaotengeneza chakula kwa mwanga na kumgawia mwenye nyumba. Mwani hao hupenda sana bluu, takriban nanomita 400 hadi 480. Taa nyeupe nayo ina bluu ndani yake, lakini sehemu kubwa ya umeme unaoulipia LUKU itakwenda kwenye njano na kijani, rangi zinazofurahisha macho yako zaidi ya kulisha mwani.

Swali la pili: PAR ni ngapi chini ya maji? Hicho ndicho kipimo cha mwanga unaotumiwa na mimea na mwani, na huhesabiwa kwa mikromoli kwa mita ya mraba kwa sekunde. Matumbawe laini yanaridhika na 50 hadi 150. Yale magumu yenye matawi, kama Acropora, yanataka 200 hadi 350. Omba vipimo vilivyochukuliwa ndani ya maji, sm 60 chini ya uso, katikati na pembeni. Akianza kukutajia lumeni, aga uondoke, maana lumeni hupimwa kwa jicho la binadamu, na jicho letu huona bluu kwa shida. Programu za simu za kupima mwanga zina kasoro hiyohiyo.

Halafu, kwa nini upiganie mwanga wa sakafuni? Mchanga haupiki chakula. Inua mawe. Yenye matawi yakae sm 25 za juu, laini yakae chini, na hapo hizo wati 240 zinakutosha kabisa. Mimi hela iliyobaki ningenunulia stebilaiza, kwa sababu umeme unaopanda na kushuka huua taa za LED haraka kuliko uzee. Nyaya nazo ziache zining'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, tone la maji ya chumvi lisifuate waya mpaka kwenye umeme.

Matumbawe yakipanda SGR asubuhi, mchana yako Dodoma, lakini usiyapokee kwa taa iliyowaka yote. Anza na asilimia 30 au 40, upandishe kidogokidogo kwa wiki nne hadi sita, na taa iwake kwa muda wa saa nane mpaka kumi kila siku. Yakipauka, shusha mwanga siku hiyohiyo. Kiangazi chetu cha upepo hujaza vumbi kwenye feni za taa, na chumvi hurukia lenzi. Vifute kila wiki. Maji yakiwa na unjano weka mkaa maalumu wa kuchujia, utashangaa mwanga unavyorudi.

SWALI: Manyoni jua tunalo la kutosha. Siwezi kuweka tangi la matumbawe dirishani nikaachana na taa?
Msomaji, Manyoni

JIBU: Nguvu ya jua haina mpinzani, saa sita mchana hufika PAR 2,000. Tatizo ni kwamba dirishani linaingia kwa ubavu, saa chache tu, na linakuja na joto. Matumbawe yanataka nyuzi 25 au 26, na siku kadhaa mfululizo juu ya 30 zinatosha kuyapausha. Kioo kitaota ukijani usioisha kukwangua. Ukitaka jua kweli, toboa paa juu ya tangi uweke bati la kupitisha mwanga, kisha taa ndogo ya bluu kwa jioni. Mwenye nyumba akikubali, lakini.